Kidudu Namba 502A: Historia ya Kupanda Bakteria kwenye Ngozi



Katika nyumba zetu nyingi, iwe Mombasa, Muscat au London, chupa ya Dettol haikosekani. Matone mawili matatu kwenye beseni la kuogeshea mtoto, kitambaa cha kusafishia kidonda, maji ya kupigia deki: harufu yake kwetu ndiyo harufu ya usafi wenyewe. Tumelelewa tukiamini kwamba ngozi safi ni ngozi isiyo na kijidudu hata kimoja. Leo wataalamu wa maabara, na nyuma yao wauzaji wa mafuta ya ngozi, wanatuambia kinyume chake. Wanasema ngozi ina bakteria wake wa kuishi nao, na kwamba anayeumwa ngozi huenda anahitaji kuongezewa bakteria badala ya kupunguziwa.

Habari hii inatangazwa kana kwamba imegunduliwa juzi. Zaidi ya miaka 60 iliyopita, madaktari wa Marekani walichukua bakteria hai wakawapaka makusudi watoto wachanga, puani na kitovuni, saa chache tu baada ya kuzaliwa. Walifanya hivyo ili watoto hao wasife. Jambo hilo lilifaulu, kisha likaachwa. Kwa nini lilifaulu na kwa nini likaachwa ndiyo hadithi ninayotaka kuwasimulia, kwa sababu anayesimama leo mbele ya rafu za duka la dawa akisoma maandishi ya chupa anasimama ndani ya hadithi hiyo hiyo, ajue asijue.

Tuanze na adui. Mwaka 1880 daktari mpasuaji wa Aberdeen, Uskochi, aitwaye Alexander Ogston, alichunguza usaha wa majipu kwa hadubini akaona vijidudu vya mviringo vilivyoshikana mafungu mafungu. Miaka miwili baadaye akavipa jina lililotokana na neno la Kigiriki la kichala cha zabibu: stafilokokasi. Mwaka 1884 Mjerumani Friedrich Julius Rosenbach akavigawa kwa rangi vinavyoonyesha vikioteshwa, vya dhahabu upande mmoja na vyeupe upande wa pili. Yule wa dhahabu ndiye bwana wa majipu, vidonda vinavyotunga usaha na sumu ya damu. Yule mweupe hakuonekana kuwa na maana. Ila mwaka 1891 William Henry Welch wa Baltimore alieleza kwamba mweupe huyu hukaa kwenye ngozi ya watu wazima wa afya, tena hukaa ndani kiasi kwamba sabuni na dawa za mpasuaji hazimfikii wote.

Kwa hiyo tangu 1891 ilikwishajulikana kwamba ngozi isiyo na bakteria haipo. Nani alisikiliza? Ndiyo miaka ambayo Lever Brothers wa Uingereza walianza kuuza Lifebuoy, ile sabuni nyekundu yenye harufu kali ya hospitali ambayo baadaye ilifika mpaka kwenye maduka ya pwani yetu na bara. Dettol ikafuata katika miaka ya 1930, baada ya kujaribiwa katika hospitali ya wazazi ya Queen Charlotte's jijini London. Sidharau kazi hiyo hata kidogo. Homa ya uzazi ilikuwa ikiwamaliza akina mama, na mikono ya wakunga iliyooshwa kwa dawa iliwaokoa wengi. Shida ilianza pale kilichofaa mikono ya mkunga kilipohamishiwa kwenye mwili mzima wa mtoto.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, penisilini ilienea hospitalini, na stafilokokasi wa dhahabu akaanza kuizoea. Mwaka 1953 huko Australia ilitambuliwa aina yake mpya iliyokuwa ikishambulia watoto wachanga na mama zao, na aina hiyo hiyo ikatambuliwa pia Kanada. Wakati huo aina za bakteria zilitofautishwa kwa virusi vinavyowaua, kila kirusi kikiwa na namba yake. Hii iliuawa na virusi namba 80 na 81, basi ikaitwa 80/81. Katika miaka michache ikazunguka dunia. Penisilini haikuifanya kitu.

Kuelewa ilivyosambaa lazima tuzikumbuke wodi za wazazi za siku zile katika nchi za Magharibi. Mama akishajifungua, mtoto alichukuliwa na kupelekwa kwenye chumba kimoja na watoto wengine wote, vitanda vidogo vimepangwa safu, na mama akaletewa wakati wa kunyonyesha tu. (Bibi zetu wangeshangaa. Kwetu mtoto hulala ubavuni pa mama yake, na hospitali za huko zilikuja kurudia utaratibu huo baadaye.) Muuguzi aliyekuwa na 80/81 puani mwake, asiyeumwa kitu, alipita kutoka kitanda hadi kitanda akibadilisha nepi. Watoto wakatoka vipele vya usaha, macho yakavimba, wengine wakapata homa ya mapafu au sumu ya damu. Walioonekana wazima walipelekwa nyumbani na kidudu kimejificha puani, na baada ya wiki kadhaa mama akapata jipu la titi na kaka mtu jipu la shingo.

Hospitali zilijitetea kwa njia mbili, na njia hizi mbili ndizo zinazobishana mpaka leo.

Ya kwanza ilikuwa kuua. Kulikuwa na dawa iitwayo heksaklorofini, ambayo tangu 1948 ilikuwa ikitiwa kwenye sabuni ya Dial huko Marekani. Wodi nyingi zikaanza kuwaogesha watoto wachanga kwa dawa hiyo, mwili mzima, kila siku. Stafilokokasi walipungua kweli. Ikawa desturi, na desturi ikishakuwa ya hospitali hakuna anayeiuliza swali.

Njia ya pili ilitoka kwa daktari wa watoto wa hospitali ya New York, Henry Shinefield, na wenzake, mwishoni mwa miaka ya 1950. Walikuwa wakimfuatilia muuguzi mmoja aliyebeba 80/81. Wakagundua jambo la ajabu. Watoto aliowashika katika siku yao ya kwanza duniani walimpokea kidudu huyo kwa urahisi. Wale waliokuwa na umri wa zaidi ya siku moja, ingawa aliwashika mikono ile ile, aghalabu hawakumpokea. Tofauti ilikuwa nini? Hao wakubwa walikwisha kupata stafilokokasi mwingine, asiye na madhara makubwa, ambaye alitangulia kukaa puani na kitovuni mwao.

Aliyewahi kupanga nyumba mjini ataelewa mara moja. Chumba chenye mpangaji hakipangishwi mara ya pili. Ngozi ya mtoto anayezaliwa ni nyumba mpya yenye vyumba vitupu, na anayetangulia kuingia na mkeka wake ndiye mwenye nafasi. Swali la Shinefield lilikuwa rahisi na la kutisha kwa pamoja: kwa nini tusimchague mpangaji sisi wenyewe?

Wakamchagua. Alitoka kwa muuguzi mwingine wa wodi, na kwenye daftari lao namba yake ilikuwa 502A. Aliogopa penisilini, maana yake akileta matata angeweza kuzimwa, na watoto waliokuwa naye hawakuwa wakiumwa. Lakini angalieni jambo hili, kwa sababu litarudi: 502A naye alikuwa stafilokokasi wa dhahabu. Alikuwa ndugu wa adui, wa ukoo ule ule, ila mpole.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo sana kwa macho. Pamba kwenye kijiti, ikachovywa kwenye maji yenye bakteria hai, ikapitishwa puani na kwenye kitovu cha mtoto katika saa zake za mwanzo. Mwaka 1963 Shinefield na wenzake walichapisha mfululizo wa taarifa kuhusu wodi zilizokuwa zimevamiwa na 80/81 katika majimbo ya Ohio, Georgia na Louisiana. Waliopandikizwa 502A kwa kiasi kikubwa hawakumpata 80/81, huku wenzao wa wodi hizo hizo ambao hawakupandikizwa wakiendelea kumpata. Mlipuko ulizimika bila ya kidonge wala sindano. Baadaye njia hiyo ikatumiwa kwa watu wazima waliosumbuliwa na majipu yasiyokwisha: kwanza aliyekuwepo akafukuzwa kwa dawa, kisha 502A akapandwa mahali pake kabla hajarudi. Sehemu hiyo ya pili ndiyo yenye akili. Dawa peke yake huacha chumba wazi, na mwenye chumba cha zamani hubisha hodi tena.

Nani alikuwa akifikiri hivi wakati ule? Wachache. Mmoja wao alikuwa Mary Marples, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, aliyetoa mwaka 1965 kitabu kikubwa kuhusu ngozi ya binadamu kama nchi yenye wakazi. Alifananisha mkono na jangwa, kichwa chenye nywele na msitu wa baridi, kwapa na msitu wa mvua. Kila mahali na wanyama wake. Kama msomaji amewahi kujiuliza kwa nini sabuni moja inatuliza uso na kuunguza kwapa, bibi huyu alikuwa na sehemu ya jibu miaka 60 iliyopita.

Kisha ukaja mwaka 1972, na njia zote mbili zikaanguka pamoja.

Heksaklorofini ilianguka kwa kishindo. Wachunguzi walikuwa wamekwisha kuona kwamba hupenya ngozi laini ya mtoto ikaingia kwenye damu na kuharibu ubongo. Desemba 1971 wakuu wa dawa wa Marekani walionya wodi ziache kuogeshea watoto wachanga kwa dawa hiyo. Mwaka uliofuata, huko Ufaransa, poda ya watoto iitwayo Talc Morhange ilitoka kiwandani ikiwa imetiwa heksaklorofini nyingi kupita kiasi kwa makosa. Watoto 204 waliugua, 36 wakafa. Ilikuwa poda ya kupaka mtoto baada ya kuoga, ile ambayo mama huipiga mgongoni akiimba. Dawa hiyo ikazuiwa. Wodi kadhaa za Marekani zilizoiacha ghafla zikaona stafilokokasi wakirudi mbio, kama maji yaliyofunguliwa.

502A alianguka kimya kimya. Tangu mwanzo ilijulikana kwamba baadhi ya watoto waliopandikizwa hutoka vipele vidogo. Mwaka huo huo wa 1972 ikachapishwa taarifa ya mtoto mchanga aliyekufa kwa sumu ya damu, na bakteria aliyekutwa kwenye damu yake alikuwa 502A. Mtoto mmoja, kati ya wengi waliokingwa. Lakini daktari aliyeweka kidudu kwa mkono wake mwenyewe hawezi kujitetea kama yule ambaye kidudu kilimpitia kwa bahati mbaya, na sidhani kama ingefaa aweze. Zaidi ya hayo haja ilikuwa imepungua. Dawa mpya ya methisilini ilikwisha kupatikana tangu 1960, na 80/81 alikuwa akififia. Mpango ukafungwa. Kwamba huko Uingereza stafilokokasi sugu kwa methisilini walikwisha kuripotiwa mwaka 1961 ni jambo ambalo hospitali zilikuja kulielewa uzito wake baadaye.

Kwa takriban miaka 40 wazo lile lililala. Lililoliamsha ni mashine za kusoma vinasaba. Zamani bakteria walijulikana kwa kuoteshwa kwenye sahani, na wasiokubali kuota hawakuhesabiwa. Mwaka 2007 Marekani ilianzisha mradi mkubwa wa kuorodhesha vijidudu vya mwili wa binadamu, na mwaka 2009 Elizabeth Grice, Julia Segre na wenzao walichapisha uchunguzi wa sehemu 20 za ngozi za watu 10 wenye afya. Marples angefurahi: kwapa la mtu mmoja linafanana zaidi na kwapa la jirani yake kuliko linavyofanana na mkono wake mwenyewe.

Wakati huo pia ikaanza kueleweka mpangaji mwema hufanya nini hasa, zaidi ya kukalia nafasi. Kwanza hutengeneza uchachu. Bakteria wa ngozi huvunja mafuta yetu na kuyageuza asidi. Wajerumani Schade na Marchionini walikwisha kueleza mwaka 1928 kwamba ngozi ina joho la uchachu, na uchachu huo humkera stafilokokasi wa dhahabu. Ni kama maziwa ya mtindi, ambayo hayaozi upesi kwa sababu wenyewe waliomo wameyachachua. Pili hutengeneza silaha. Mwaka 2010 watafiti wa Tokyo walionyesha kwamba baadhi ya wale weupe, walioachwa bila heshima tangu enzi za Rosenbach, hutoa kimeng'enya kinachomng'oa wa dhahabu puani mwa mtu. Mwaka 2016 Wajerumani wa Tübingen walipata dawa nzima ya kuua bakteria ikitengenezwa na mkazi wa pua za watu.

Hapa ndipo tunapofika kwenye ugonjwa ambao wazazi wengi huku ughaibuni wanaujua vizuri, pumu ya ngozi. Baridi ya nje na hita ya ndani hukausha ngozi, mtoto anajikuna usiku kucha, magoti na viwiko vinachubuka. Kwenye ngozi hiyo iliyochubuka stafilokokasi wa dhahabu huwa amejaa. Daktari Richard Gallo na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waligundua kwamba wagonjwa hawa wanapungukiwa na wale bakteria wenye silaha. Mwaka 2017 wakaeleza walivyowachukua wachache waliobaki kwenye ngozi ya mgonjwa mwenyewe, wakawazidisha maabara, wakawatia kwenye losheni na kumpaka mwenyewe. Wa dhahabu wakapungua. Mwaka 2021 wakatoa matokeo ya majaribio ya watu wazima 54, waliopakwa kwa wiki moja, baadhi bakteria mteule na wengine losheni tupu. Hapakutokea madhara makubwa na wa dhahabu walipungua. Lakini ugonjwa wenyewe, ukichukua wagonjwa wote pamoja, haukuonyesha nafuu ya wazi. Nafuu ilionekana zaidi kwa wale ambao aina ya wa dhahabu waliyokuwa nayo iliuawa moja kwa moja na bakteria yule.

Mteule wao safari hii hakutoka kwenye ukoo wa dhahabu. Alitoka kwa wale weupe. Sijui kama ni sahihi kusema kwamba somo la 1972 lilikuwa limeeleweka, ila chaguo hilo linaonekana kama la watu waliosoma taarifa zile.

Kundi jingine, la daktari Ian Myles wa taasisi za taifa za afya za Marekani, lilichagua bakteria tofauti kabisa aitwaye Roseomonas mucosa, kutoka kwenye ngozi za watu wazima wa afya. Mwaka 2018 walieleza jinsi walivyompulizia watu wazima 10 na watoto 5 wenye pumu ya ngozi, na wengi wakapata nafuu. Watu wakashangilia. Kampuni ikachukua leseni, ikafanya majaribio makubwa zaidi, na Septemba 2021 ikatangaza kwamba dawa haikuishinda ile isiyo na kitu. Pamoja na hayo, mwaka 2024 bakteria huyo alianza kuuzwa Marekani bila cheti cha daktari, kama bidhaa ya kawaida ya ngozi na si dawa iliyopitishwa. Soko halina subira ya daktari.

Na soko linastahili maneno machache. Krimu nyingi zilizoandikwa "probiotiki" hazina bakteria hai. Krimu ikikaa miezi rafuni lazima itiwe vihifadhi ili isiote ukungu, na vihifadhi hivyo haviulizi nani ni rafiki. Kilichomo aghalabu ni mabaki ya bakteria waliokufa, au chakula cha kuwalisha walio hai. Pengine vina faida yake. Ila kupanda mbegu na kumwaga unga wa mbegu shambani ni kazi mbili tofauti, na bei haionyeshi tofauti hiyo. Nawaomba pia akina mama wasiokoteze wazo hili wakampaka mtoto mtindi kwenye ngozi iliyochubuka. Bakteria wa mtindi ni mwenyeji wa kibuyu, na kidonda kilicho wazi ni mlango wa damu, kama alivyoonyesha 502A.

Nimalizie na kitovu, maana ndiko Shinefield alikopitisha pamba yake, na safari hii swali lilikuja mpaka nyumbani. Huko Nepal, Bangladesh na Pakistan majaribio yalikuwa yameonyesha kwamba kusafisha kitovu cha mtoto kwa dawa ya klorheksidini hupunguza vifo vya watoto wachanga. Je, Afrika nako? Kati ya 2011 na 2014 jambo hilo lilijaribiwa Pemba, pamoja na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri ya Chake Chake, kwa watoto karibu 37,000. Nusu walipakwa dawa, nusu kitovu chao kiliachwa kikavu na safi, bila kitu. Matokeo yalitoka mwaka 2016: tofauti ya vifo ilikuwa ndogo kiasi cha kutoweza kuthibitishwa. Zambia nako majaribio makubwa yalitoa jibu la namna hiyo hiyo. Na popote dawa hiyo inapopakwa, kitovu huchelewa kuanguka, kwa sababu miongoni mwa wanaokiangusha ni bakteria wenyewe.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaandika upya mwongozo wake. Kitovu kiachwe kikavu na safi. Klorheksidini ipakwe katika wiki ya kwanza pale tu ambapo watu wana desturi ya kukipaka vitu vya hatari, kama vile kinyesi cha mifugo.